Kadi ya Baba Mluzi

Kashka-Bel, Mei 12, 2007

Kwa mkutubi wa chumba cha katalogi, Bishkek

Mwanangu nisiyekujua,

Pokea salamu za mlimani, ambako theluji bado imekalia kivuli cha zizi na sisi tumekalia majiko. Mimi ni Uulkan, mama wa watoto watano, umri miaka sabini, meno kumi na tisa. Natafuta kitabu. Najua kwenu vimejaa hadi darini, ila mimi nataka kimoja tu.

Alikiandika baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema, kikachapishwa mwaka 1961. Jina lake siwezi kukuandikia. Usidhani nimezeeka nikalisahau. Wewe umelelewa na Wakirgizi kama mimi, unajua kwamba mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, na mimi sijalitamka kwa miaka hamsini na mmoja. Kuliandika ni kulitamka kwa mkono, kwa hiyo usinishawishi.

Mwezi uliopita mkamwana wangu Saikal, anayeishi huko jijini, alikuja kwenu akatafuta kwenye kompyuta. Ikamjibu sifuri. Akanipigia simu akasema, “Mama, huyu mzee hakuandika kitu.” Hakuandika! Nilikishika kwa mikono yangu hii.

Nakihitaji kabla ya tarehe 20 Septemba, siku ambayo mume wangu atatimiza miaka sabini na mitano. Yeye asijue. Wanangu wa kiume nao wasijue, vinywa vyao ni chujio. Nakuomba sana, binti, au kijana, yeyote uliye.

Uulkan


Bishkek, Mei 24, 2007

Apa Uulkan,

Mimi ni binti, au nilikuwa, ndiyo maana nakuita Apa, mama. Naitwa Begaim, nina miaka arobaini na minane na niko katika chumba hiki tangu nikiwa na ishirini na mbili. Barua yako nimewasomea wenzangu kwa sauti. Tulicheka mpaka mkuu wa idara akaja kuuliza nani anaolewa.

Kwanza nikutoe hofu. Sifuri ya kompyuta si sifuri ya maktaba. Kompyuta yetu inavijua vitabu vilivyoingia tangu mwaka 1992 tu. Vya zamani vimo kwenye kadi, na kadi zimo kwenye droo elfu moja na mia mbili za mbao zilizopangwa nyuma yangu hapa. Watu siku hizi wanaangalia kioo cha kompyuta, wanapata sifuri, wanakwenda zao nyumbani wakisonya. Hawageuzi hata shingo.

Pili, kila kitabu kina milango mitatu: kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu, na kadi ya mada. Ukifungiwa mmoja, gonga mwingine. Mlango wa mwandishi umeufunga wewe mwenyewe na ufunguo umeuficha kifuani, haya. Basi nipe jina la kitabu. Kama hulijui, niambie kinahusu nini na kilichapishwa mji gani.

Tatu, nauliza tu kwa udadisi: Saikal alimtafuta kwa jina gani?

Wako,
Begaim

Tena: mume wako analijua jina la baba yake, naye hakatazwi kulitaja. Huwezi kumwuliza kijanja jina la kitabu?


Malisho ya juu, Juni 9, 2007

Begaim binti yangu,

Tumeshapanda na mifugo, naandika nikiwa nimekalia tandiko mlangoni mwa hema. Barua hii itashuka na mtu anayepeleka jibini sokoni, kwa hiyo ikinuka usishangae.

Umeniuliza Saikal alitumia jina gani. Nimemwuliza. Ametumia Baba Mluzi.

Usicheke! Basi cheka, mimi nimecheka mpaka mbuzi wakageuka. Hilo ndilo jina nililompa mimi nilipoingia nyumba ile nikiwa bibi harusi, maana ilibidi nimwite kitu. Alikuwa anawapigia mluzi farasi wakati wa kukamua. Mke wa shemeji akalifuata, na wake wa wanangu wakalifuata, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu anayelitaja lile la kweli mbele ya mwenzake, Saikal kaolewa kwetu miaka kumi na mmoja akijua mzee wa watu aliandikishwa Baba Mluzi tangu kuzaliwa. Nikamwuliza, “We mtoto, umeona wapi mama akamwita mchanga wake Mluzi?” Akanijibu, “Nilidhani ni mambo ya zamani.”

Jina la kitabu silijui. Sikuwahi kukifungua. Lile jina lake lilikuwa juu ya jalada kwa herufi kubwa, nikaona haya hata kukifuta vumbi, nikakivisha gazeti. Najua kinahusu kimizi, maziwa yetu ya farasi yaliyochachuliwa. Yeye alikuwa tabibu wa mifugo wa shamba la ushirika na kila kiangazi alikuwa na daftari mkononi. Kilichapishwa huko huko kwenu.

Mzee wangu siwezi kumwuliza. Nakala yetu ilipotea, na kila nikigusa habari hiyo anakasirika siku mbili na hali chakula changu. Yaache hayo.

Uulkan


Bishkek, Juni 27, 2007

Apa,

Ilinuka. Mkuu wa idara amefungua madirisha. Nimemwambia ni harufu ya utafiti.

Sasa sikia taabu zangu. Nilianza na droo ya Farasi, kadi mia nne na kumi na mbili, nikazipitia moja moja siku tatu nikila chakula cha mchana kwa mkono mmoja. Farasi wa mbio, farasi wa jeshi, farasi na minyoo. Babako Mluzi hayumo. Droo ya Maziwa imejaa ng'ombe. Droo ya Vinywaji ni bia na maji ya chemchemi. Neno Kimizi lina kadi saba, zote baada ya 1970. Nikakumbuka kwamba mwaka 1961 jiji hili liliitwa Frunze, nikaacha kutafuta Bishkek, nikapitia orodha ya vilivyochapwa Frunze mwaka ule. Orodha hiyo ina majina ya waandishi na namba tu, na mimi mwandishi wangu amefungwa kifuani mwa mwanamke mmoja mkaidi wa Kashka-Bel.

Jana Saikal alikuja tena, msichana mzuri, nikamweka kwenye kompyuta nione anavyotafuta. Akaandika: maziwa ya farasi ya kuchachua malisho ya milima baba mkwe. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni hotuba. Mashine inatafuta kitabu chenye maneno hayo yote pamoja, kikikosa moja tu inakitupa. Anza na neno moja. Majibu yakija mengi mno, ongeza neno la pili uyapunguze. Na ukipata kitabu kimoja kinachokaribia, soma kadi yake uone wenyewe wamekiita mada gani, kisha ufuate neno lao uache lako. Aliandika yote kwenye kiganja.

Maana hapo ndipo kuna siri ya kazi hii, Apa. Sisi tunatafuta kwa maneno yetu, lakini kadi iliandikwa na mtu wa mwaka 1961 mwenye mawazo ya mwaka 1961. Lazima nikae kwenye kiti chake. Kwa hiyo usiniambie tena kitabu kinahusu nini. Niambie nani alikuwa akikisoma, na alikuwa na shida gani.

Na jambo la pili. Kila barua yako inaniambia niharakishe, na kila barua inaruka mahali pamoja. Kitabu kilipoteaje? Si lazima ujibu. Ila mimi ni mkutubi, nikiona pengo kwenye rafu siwezi kulipita.

Begaim


Malisho ya juu, Julai 15, 2007

Begaim,

Nilikasirika na barua yako siku nne. Ya tano nikaona umesema kweli. Sijapata kumwambia mtu haya ninayokuandikia.

Mzee wangu alikuwa na rafiki, Osmonaly, jirani yetu, wamekua pamoja na kucheza bao pamoja, lile la mashimo tisa, kila jioni kuanzia utoto. Majira ya baridi ya mwaka 1994 Osmonaly alikiazima kitabu. Unaikumbuka baridi ile, makaa hakuna, umeme hakuna. Siku moja asubuhi akakirudisha. Mzee hakuwepo. Akanipa mimi mkononi, nikakiweka dirishani kando ya jiko, juu ya magazeti. Nami si nilikuwa nimekivisha gazeti mwenyewe, kwa kuona haya? Kesho yake nilikuwa na homa, macho yananitoka machozi kwa moshi, nikachukua gazeti la juu nikawasha moto. Nilipoona jalada likijikunja ndani ya jiko, lilikuwa limeshakuwa jeusi.

Mzee akauliza, kitabu kiko wapi? Nikanyamaza. Akasema, “Osmonaly hajakirudisha.” Nikanyamaza. Akaenda kwake, wakatukanana barabarani mbele ya watu, akamwita mwizi wa kumbukumbu ya marehemu. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Miaka kumi na mitatu sasa ukuta wa zizi letu ndio ukuta wa zizi lake, na hawapeani salamu. Bao liko juu ya kabati. Mzee wangu hulipangusa kila Ijumaa akidhani simwoni.

Nilijiambia nikipata kitabu kingine nitakuwa na kitu cha kumwekea mkononi siku nikisema ukweli. Mikono mitupu siwezi. Ndiyo shida yangu yote.

Sasa uliloniuliza. Nani alikuwa akikisoma? Wafugaji hawakukisoma, wao walikuwa wakijua. Waliokisoma ni wale waliokuwa wakiletwa kwa lori kutoka mjini kila Juni, weupe kama unga, wakikohoa. Walikuwa wakilala kwenye mahema na kunywa kimizi mabakuli manane kwa siku, na Agosti wanashuka mashavu yamejaa. Madaktari wao ndio walikuwa wakija na hicho kitabu mfukoni.

Ukiona sifai kusaidiwa, nitaelewa.

Uulkan


Bishkek, Julai 30, 2007

APA! NIMEKIPATA!

Nimepiga ukelele ndani ya maktaba, mimi ninayewanyamazisha watu kwa miaka ishirini na sita.

Kilikuwa kwenye droo ya Kifua Kikuu! Kifua kikuu, kisha Matibabu, kisha Matibabu kwa chakula, kadi ya kumi na nne. Mtu wa 1961 hakuona farasi wala maziwa, aliona wagonjwa. Umekitoa wewe, kwa lile lori lako la watu weupe kama unga. Mimi ningekuwa bado nahesabu farasi.

Kinaitwa Kumtibu Mgonjwa wa Kifua kwa Kimizi: Maelezo ya Tabibu wa Mifugo. Kurasa sitini na nne. Nikajiuliza, nina hakika gani kuwa ni chenu? Nikafungua ukurasa wa tisa: “Farasi jike mwenye wasiwasi hutoa maziwa akipigiwa mluzi mwembamba, usiokatika.” Nikakaa chini.

Jina lake nimeliandika kwa penseli nyuma ya karatasi hii, upate kuhakikisha. Weka kidole gumba juu kwanza kabla hujageuza.

Nakala ni moja, haitoki nje ya jengo. Nimeitolea nakala kivuli ukurasa kwa ukurasa, fundi wetu ameijalidi, na Saikal atakuletea. Nina sharti moja. Usikifungue. Umekaa miaka arobaini na sita bila kukifungua, hutashindwa wiki saba. Kimfikie mzee siku ya sherehe, na akisome kwa sauti mpaka afike ukurasa wa thelathini na moja.

Kuhusu yale mengine: Apa, mimi mwenyewe nilishawahi kurudisha kadi droo isiyo yake, na aliyekaripiwa akawa mwenzangu. Ilikuwa mwaka 1985. Barua yako ilipofika nilikwenda kumwambia. Alikuwa keshasahau, lakini alinipikia wali na nyama, tukala.

Begaim


Kashka-Bel, Septemba 24, 2007

Begaim mwanangu wa sita,

Nilikuzaa nikiwa na miaka sabini, na hukuniumiza.

Nikupe habari kwa mpangilio. Asubuhi ya tarehe 20 nilivaa kitambaa cheupe nikaenda kwa Osmonaly. Alikuwa anatengeneza mpini. Nikasema, leo sherehe, njoo. Akasema, “Siku hizi mwaalika na wezi?” Nikamwambia, “Njoo. Mwizi mwenyewe atakuwepo.” Akanitazama, akaweka mpini chini.

Watu walijaa, maandazi yalimwagwa mezani mpaka nguo ya meza haionekani. Osmonaly aliingia, akasimama kando ya nguzo. Mzee wangu akageuza uso akatazama ukutani. Nikatoa kitabu. Nilikuwa nimekivisha gazeti, kama kile cha kwanza. Mzee akalichana, akaona jina la baba yake. Kisha akamwinulia Osmonaly kidole: “Kumbe! Ulikuwa umekificha wapi?”

Nikasimama. Nikasema, “Hakukificha. Alinirudishia mkononi. Mimi nilikichoma.”

Mzee akashusha kidole.

“Lini?” akauliza mzee.

“Februari ile ya baridi.”

“Ukapikia nini?”

“Chai.”

“Mimi niliinywa?”

“Vikombe vitatu. Ukasema leo imekolea.”

Aliyecheka kwanza ni Osmonaly. Alicheka akishika nguzo, miaka kumi na mitatu yote ikimtoka kifuani, akasema, “Mimi naitwa mwizi, kumbe kitabu kiko tumboni mwako!” Mzee wangu hakucheka. Alikuwa mwekundu kama bitiruti. Nikamwambia yote mbele ya watu, homa, moshi, gazeti, kunyamaza kwangu, nikawaomba msamaha wote wawili. Akasema, “Kaa.” Nikakaa. Akavaa miwani akaanza kusoma, na mimi nikajua anasoma ili asiseme.

Alisoma habari ya mluzi, watu wakalia na kucheka, maana wazee wote waliusikia mluzi ule utotoni. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, Osmonaly akamsogezea bakuli la kimizi. Akafika ukurasa wako. Akasoma:

“Njia hii ya kufukiza kiriba cha ngozi kwa moshi wa mti wa mreteni, ambayo hufanya kimizi kiwe laini kwa kifua kilichochoka, sikuijua. Nimefundishwa na mkwe wangu Uulkan binti Sydyk, aliyeileta kutoka bonde la mama yake. Wagonjwa wakipona, wamshukuru yeye.”

Mzee wangu huniita “wewe” na “mama Burul”. Tangu tuoane hajanitaja kwa jina mbele ya watu. Akalirudia mara ya pili, polepole, Uulkan binti Sydyk, akavua miwani.

Mimi nimemheshimu mzee yule kwa kulificha jina lake. Yeye akaniheshimu kwa kuliandika langu. Nami nikalivisha gazeti, nikalitia jikoni, nikalichemshia chai. Nililia, binti yangu, kilio cha kujaa, si cha huzuni.

Jana mzee aliamka, hajanisemesha bado sawasawa, akapanda kiti akashusha bao kutoka kabatini, akatoka nalo kwapani. Alirudi jua limezama, amefungwa mara tatu. Akaniambia, “Osmonaly anaiba kete.” Nikamwambia, “Mwizi ni mwizi.” Ndipo akacheka.

Saikal anasema anataka kuja kwenu kila Jumamosi kujifunza. Nami nina ombi. Yuko mkamwana mwingine huko mbele, ambaye sijamwona, atakayemtafuta mzee huyu na hatajua jina, au atalijua na hatalisema. Atafanyaje?

Uulkan


Bishkek, Oktoba 8, 2007

Apa Uulkan,

Barua yako nimemsomea mkuu wa idara. Aliinuka kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi.

Kisha nikampelekea ombi lako. Nilidhani atakataa, maana ni mtu wa kanuni. Akashusha kitabu cha kanuni, akapekua, akanionyesha kwa kidole: jina lolote ambalo msomaji anaweza kulitumia kumtafuta mwandishi lina haki ya kuwa na kadi yake. Akasema, “Msomaji amelitumia. Aprili, akapata sifuri. Andika.”

Nimeandika kwa mkono, na kwenye kompyuta vilevile, ili asiyegeuza shingo naye apate. Kadi ni mbili. Nakuandikia zilivyo.

Ya kwanza imo droo ya M:

MLUZI, Baba. Tazama:

Hapo mbele nimeandika jina lake kamili, lakini kwenye barua hii nimeacha nafasi tupu, inayotosha kidole gumba. Saikal ndiye aliyeitia kadi ile kwenye droo. Kisha akaifunga droo, akaifungua upya, akaitafuta kadi kana kwamba hajui ilipo. Akaipata. Aliniangalia akasema, “Shangazi, sasa si sifuri.”

Ya pili sikuiombea ruhusa. Imo droo ya U. Hiyo nimeiandika yote, haina nafasi tupu, wala haina gazeti:

UULKAN BINTI SYDYK. Kufukiza kiriba kwa moshi wa mreteni. Tazama ukurasa wa 31.

Wako,
Begaim